Tulivyopatana kwa Ajili ya Nyuki

Dada yangu aliwahi kuwaambia watoto wake kwamba siku nyuki wakihama, naye atahama. Alilisema hilo kwa majivuno, maana wakati huo mizinga ilikuwa imejaa na hakuna aliyefikiri kwamba nyuki wana mahali pengine pa kwenda. Binti yake aliyeolewa Bukavu alikuwa akimwita kila mara aende akae naye, ng'ambo ya mto, kwenye nyumba yenye bomba la maji ndani na majirani wanaogombana kwa Kifaransa. Dada alikuwa na jibu moja tu.

“Banyuki ya baba yako nitabaachia nani?”

Kwa hiyo nyuki ndio waliomshikilia Nyakabuye. Mumewe alikuwa amekufa, watoto wameoa na kuolewa, na shamba la maharagwe lililimwa na mdogo wa marehemu zaidi kuliko yeye. Kilichobaki kuwa chake kabisa ni ile mizinga iliyofumwa kwa vijiti, ikakandikwa samadi ya ng'ombe na kufunikwa kwa majani makavu ya migomba, ambayo mumewe aliipandisha kwenye miti kwa mikono yake mwenyewe. Ninalieleza hili mapema kwa sababu mbele nitazungumzia sera, na sera ina tabia ya kumsahaulisha mtu alikuwa analilia nini.

Mimi ni mdogo wake. Baba yetu alikuwa fundi cherehani hapa Kamembe, na katika watoto wake alichagua mmoja wa kumsomesha hadi chuo kikuu, kisha akaishi muda wa kutosha kujiuliza kama alichagua vizuri. Ninafundisha, na ninaandika insha. Familia inaniita Dogteri. Sijawahi kumtibu mtu, na kwa kadiri ninavyojua, insha zangu hazijamuua mtu pia. Dada yeye aliolewa na mkulima Mkatoliki wa Nyakabuye. Akabaki na mtandio wake na swala zake, mume akabaki na rozari yake na nyuki wake, na miaka yote hiyo sikumsikia mmoja akimpandishia mwenzake sauti.

Juu ya nyumba yao, kando ya kijito, palikuwa na ukanda wa miti ya asili. Haukuwa msitu wa kumwonyesha mgeni. Ulikuwa kipande kilichosahauliwa wakati vilima vingine vilipogeuzwa kuwa chai, mikalitusi na mashamba: umugote, umwungo, umusebeya, na vichaka ambavyo sikujua majina yake ingawa niliwahi kuviandikia aya mbili nzuri. Msitu mkubwa wa hifadhi hauruhusu mizinga ndani yake, kwa hiyo nyuki wa dada walikula pale. Mti mmoja ukimaliza kuchanua, mwingine ulianza. Ukipita njia ya juu mwezi wowote ule, pua yako ilikuta kitu.

Kisha ikaja kampuni ya umeme. Kijito kilikuwa na nguvu ya kutosha kuzungusha mtambo mdogo, na mfereji wa kuyapeleka maji kwenye mtambo ulitakiwa kupita katikati ya ukanda ule ule. Sitajifanya kwamba tulipinga. Sote tuliutaka umeme, na mimi niliutaka kuliko wote, maana kila nilipolala kwa dada nilisoma kwa tochi ya simu, nikiwalaani wadudu na serikali kwa zamu.

Wakatuita kwenye mkutano wa sekta. Agoronome wa kampuni, mtaalamu wao wa mimea, mwanamke kijana mwenye buti safi na sauti ya upole, alitueleza kwamba siku hizi mtu hawezi kukata uoto wa asili akaondoka hivi hivi. Kila kitakachokatwa huku kitapandwa kwingine, aina kwa aina, na nyongeza juu yake. Hiyo inaitwa fidia ya bioanuwai. Mahali pa kupandia pameshapatikana, kilima kilichochoka huko Giheke, chenye mikalitusi ya zamani. Hapo patakuwa msitu.

Dada akanigeukia.

“Dogteri, tuelezee.”

Nikasimama. Mtu aliyesoma akiombwa kusimama atasimama tu, ni maradhi ya kazi. Nikasema kwamba maumbile yana mizani, kwamba ukipunguza upande huu na kuongeza upande ule, jumla haipungui. Nadhani nilitumia neno mizani mpaka likachakaa. Nilikuwa nimesoma makala kadhaa kuhusu jambo hilo na nilijua kwamba wenyewe kwa wenyewe wataalamu wanabishana kama fidia za namna hii zimewahi kufanya kazi popote. Lakini ubishi hauelezeki ukiwa umesimama mbele ya watu waliokaa juani.

Shemeji, yaani mdogo wa marehemu, aliinua mkono. Ni mtu mwembamba, mwenye parachichi nyingi na uvumilivu kidogo, na shemeji yeyote kwake ni muramu.

“Muramu, ngoja nisikie muzuri. Muntu ananingoa jino. Halafu anaenda Giheke, anakuta mutoto muchanga, anasema, huyu atamea meno, tena mengi kuliko yako. Njo hivyo?”

Agoronome ndiye aliyecheka wa kwanza.

“Karibu hivyo,” nikasema.

“Na miye nitatafuna na nini?”

“Utasubiri kidogo.”

“Basi mwambie na njaa isubiri.”

Dada hakucheka. Alikuwa amesikia maneno mawili tu katika maelezo yote, aina kwa aina, na akayashika. Kama ni umugote kwa umugote, basi nyuki watakuwa na chakula. Na agoronome, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaongeza kwamba wenye mizinga wanaweza kuihamishia Giheke, kuna mlinzi, hakuna atakayeiba, na kampuni itatoa gari.

Tulikwenda kupaangalia kwanza. Hatukuwa wajinga. Ilikuwa wakati mikalitusi inachanua, na kilima kizima kilivuma. Chini yake, kwenye mistari iliyonyooka, miche ilikuwa imepandwa, kila mmoja na kijiti chake cha kuuegemea, majani manne matano, urefu wa kifundo cha mguu. Dada alitembea katikati yake akiitambua mmoja mmoja. Huyu umwungo. Huyu umusebeya. Akasimama, akasikiliza nyuki juu ya kichwa chake, akatabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu mazishi ya mumewe. Tuliona miche, tukasikia nyuki, tukaviunganisha. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni kitu gani hasa kinachovuma.

Mizinga huhamishwa alfajiri, nyuki wakiwa bado wametulia. Dada aliziba milango yake kwa nyasi, akaifunga kwenye mablanketi ya marehemu, na mimi nikakaa nyuma ya gari nikiwa nimeukumbatia mmoja kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Tulipopita Kamembe, wanawake wa biashara walikuwa wanateremka kwenda mpakani na beseni zao za nyanya, na mmoja akauliza tunamzika nani. Baada ya hapo nyuki mmoja akatoka kwenye blanketi akaniuma shingoni.

“Amekuchagua weye,” shemeji alisema kutoka upande wa pili wa gari. “Anataka umuelezee mizani.”

Msimu wa kwanza ulikuwa mzuri. Asali ilitoka nyeusi, na ilinuka kama dawa ya kifua. Dada alionja, akafikiri, akasema itafaa mafua. Alimpa agoronome chupa moja, wakapigwa picha pamoja mbele ya kibao kilichoandikwa kwamba hapa ni msitu wa fidia. Binti yake alipopiga simu kutoka Bukavu, dada alimwambia nyuki wameshakuwa watu wa Giheke, na kwamba yeye haendi kokote.

Lakini mikalitusi si mti wa asili. Ililetwa, na inakunywa maji kama mtu aliyelipiwa. Msitu wa fidia hauwezi kuhesabiwa kuwa wa asili ukiwa na mikalitusi ndani, na miche haiwezi kupata jua chini yake. Kwa hiyo, kama mpango ulivyosema tangu mwanzo, kiangazi kilipofika walikuja na misumeno wakaikata yote. Niliisoma sehemu hiyo ya mpango nikaona iko sawa. Kwa upande wa miche, ilikuwa sawa. Kilima kikabaki wazi, visiki vikitoka utomvu, na miche yetu imesimama juani kama watoto wa shule waliosahauliwa uwanjani.

Wiki hiyo hiyo, Nyakabuye kulizuka ugomvi. Parachichi ya shemeji ilikuwa imeinama juu ya kiwanja cha dada, na dada alikuwa akiokota yaliyoanguka upande wake tangu aolewe. Mwaka huo mke wa shemeji aliamua kwamba tunda ni la mwenye shina. Wakasemana vibaya, kila mmoja akiwa upande wake wa ua, na maneno kadhaa yaliyokuwa yamehifadhiwa tangu mazishi yalitolewa siku hiyo.

Siku chache baadaye mlinzi wa Giheke akapiga simu. Mzinga mmoja ulikuwa mtupu. Hawakufa, wameondoka tu, wameacha masega makavu.

Upande wa shemeji wanaamini kwamba nyuki hawavumilii nyumba yenye chuki. Wakisikia watu wa nyumba moja hawasalimiani, wanahama kutafuta watu wengine. Dada, mtoto wa fundi cherehani wa Kamembe, hakuzaliwa na imani hiyo, lakini ameishi nayo zaidi ya nusu ya maisha yake, na mtu hujua kwa nini nyuki wanahama kama anavyojua kwa nini anaumwa kichwa. Aliunganisha parachichi na mzinga mtupu kabla hata hajakata simu.

Nilikwenda kumwona. Nilimkuta anachambua maharagwe mlangoni.

“Dada, wamekata mikalitusi.”

“Nimesikia.”

“Nyuki walikuwa wanakula maua ya mikalitusi. Sasa hakuna maua.”

“Bwana yangu hakuwahi kuvuna mukalitusi. Ule ni muti wa kuni.”

“Wakati huo walikuwa na ule ukanda. Huko Giheke miche haijafika hata magotini. Wana njaa, hakuna zaidi ya hapo.”

Aliendelea kuchambua. Vidole vyake vilikuwa vinatoa mawe ambayo hayakuwemo.

“Sikiliza, Dogteri. Kama ni chuki, nitaimaliza. Nitaenda kwa muramu wangu, nitaenda kwa bibi yake, nitapiga magoti. Kama ni maua, weye uniambie nitafanya nini.”

Digrii zangu mbili hazikuwa na maua. Kwa hiyo tukafanya alichotaka. Tukapatana.

Sijawahi kuona familia ikifanya kazi hiyo kwa bidii namna ile. Tulikusanyika kwake Jumapili mchana. Upande wetu ulikuja na chai ya tangawizi na mandazi, upande wao ukaja na pombe ya ndizi, na dada akakaa katikati, mtandio umekazwa, kama hakimu aliye pia mshtakiwa. Wakaanza na parachichi. Mke wa shemeji alilia, dada akalia, ikakubaliwa kwamba tunda likianguka halina shina. Wakaingia kwenye maneno ya mazishi. Wakaingia kwenye sufuria moja kubwa ambayo kila mtu aliamini iko kwa mwenzake. Kisha dada akatutazama mimi na shemeji.

Ilikuwa kweli kwamba hatukuwa tunaongea vizuri. Siku ya mazishi ya kaka yake nilikuwa ninasoma hotuba, na nilikuwa nimefika mahali nilipopapenda mimi mwenyewe, alipoanzisha wimbo. Parokia nzima ikaitikia. Nilirudisha karatasi mfukoni mbele ya watu.

“Mvua ilikuwa inakuja, muramu,” shemeji alisema.

“Ilikuwa bado iko Bugarama.”

“Kaburi lilianza kuingia maji.”

“Nilikuwa nimebakiza ukurasa mmoja.”

“Ulisema hivyo kwa kila ukurasa.”

Watu walicheka, hata mimi nikacheka, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba huenda alimwokoa marehemu. Tukashikana mikono. Tulipatana kweli, wala haikuwa maigizo. Mpaka leo shemeji akija Kamembe anafikia kwangu. Kama nyuki wangekuwa wanaondoka kwa sababu ya chuki, siku ile wangerudi na jamaa zao wote.

Jumatatu dada alikwenda Giheke, akasimama mbele ya mizinga iliyobaki, akaipa habari. Tumepatana, aliiambia. Parachichi imekwisha. Wimbo wa mazishi umekwisha. Alitaja kila kitu, hata sufuria. Mimi nilisimama nyuma yake nikiangalia mlango wa mzinga, ambako nyuki wachache walikuwa wanatoka, wanazunguka juu ya vile visiki, na kurudi bila chavua miguuni. Nilijua nilichokuwa nakiona. Hata hivyo kuna sehemu ndani yangu, naiheshimu mpaka leo, iliyokuwa ikisubiri wabadilishe nia.

Mwezi uliofuata mzinga mwingine ukawa mtupu, na baada yake mwingine.

Wakaja wakaguzi. Agoronome aliwatembeza kwenye mistari, wakahesabu miche iliyo hai, wakaridhika. Nilimvizia walipokuwa wanakunywa soda.

“Umefaulu,” nikamwambia.

“Tumefaulu kwenye miti,” alisema. Hakuwa na furaha. “Wanachouliza ni kama mti uko hai au umekufa. Hakuna anayeuliza kuhusu maua.”

Dada alikuwa amesogea karibu. Alimuuliza kwa adabu umugote utachanua mwaka gani. Agoronome aliuangalia mche, akamwangalia dada, na nikaona anatafuta namna ya kusema ambayo isingemuumiza.

“Maman,” alisema, “siku hiyo hata miye nitakuwa na wajukuu.”

Dada akamshukuru.

Na hata hiyo miche hai haikukaa. Giheke, kama sote, wanalima maharagwe yanayopanda juu ya vijiti, na vijiti walikuwa wanavitoa kwenye matawi ya mikalitusi. Mikalitusi ikawa imeisha. Basi msimu wa maharagwe ulipofika, wakati mlinzi amekwenda kula, mtu akakata mche mmoja uliokuwa umenyooka, jirani akakata mwingine, na kilima kikapungua bila mtu yeyote kuwa mwizi. Nani atamlaumu? Watoto wake hawatakula bioanuwai. Kampuni ilipanda tena. Wakakata tena. Kila mkaguzi alipokuja aliikuta miche ina afya, na kweli ilikuwa na afya, kwa sababu ilikuwa mipya. Nilipita huko siku moja nikaona shamba zuri la maharagwe, limepanda juu ya umusebeya uliochongwa ncha. Vijiti viwili vitatu vilikuwa vimeshika mizizi na kutoa majani, na mwenye shamba alikuwa anaving'oa kwa sababu vinatia kivuli.

Huku Nyakabuye mfereji ulikuwa umekamilika na umeme ukawaka. Nilikuwa nikisoma kwa dada chini ya balbu, na kila nilipoinua macho nilimwona amekaa upande wa pili wa meza akinitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akasahau.

Mzinga ulibaki mmoja. Ndipo alipokuja Kamembe, asubuhi, akiwa amevaa nguo za safari, na hakukubali chai.

“Nimetafuta kila pahali,” alisema. “Kwa bwana nilienda mpaka kaburini, nikamuomba. Batoto nimewapigia wote. Umebaki weye.”

“Mimi nimekukosea nini?”

“Hapana. Miye njo nimekukosea. Kuna kitu ulinifichia. Sema, nikuombe musamaha, tuishe.”

“Hakuna kitu, dada.”

“Kiko. Kama hakiko, basi banyuki wanaendea nini?”

Nilitaka kumwambia tena kuhusu maua. Nilikuwa nimelisema jambo hilo kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda, na katika insha moja ambayo iliwafurahisha watu wa mji mkuu, na halikuwahi kumsaidia hata siku moja. Nikamtazama. Mikono yake ilikuwa mapajani, viganja juu, kama mtu anayengoja kuwekewa kitu. Nikajichunguza kwa uaminifu, nikatafuta miaka yote, na sikupata kosa hata moja alilonitendea. Alinibeba, alinifulia, alininyima mara chache na mara hizo nilistahili. Hesabu zote zilizokuwa wazi kati yetu zilielekea upande mwingine, na hakuwa amekuja kudai.

Basi nikabuni. Ndiyo kazi yangu. Nilichukua kitu kidogo, cha zamani, kisichoweza kuthibitishwa na mtu.

“Siku ile ninaondoka kwenda chuo kikuu,” nikasema, “watu wote walitoka kuniaga. Weye hukutoka. Iliniuma.”

Nilidhani atanishangaa. Nilikuwa tayari kusema labda sikumbuki vizuri, labda ulikuwepo. Lakini aliinamisha kichwa.

“Ni kweli,” alisema. “Sikutoka. Nilikuwa jikoni.”

Alikuwa bado anaangalia viganja vyake.

“Nilikuwa nalia. Si kwa sababu unaenda. Baba alikuwa ameniambia wiki ile kwamba miye basi, masomo yameisha, nguvu yake inatosha muntu moja. Sikutaka uone sura yangu. Nikajua hukuona kama siko.”

Na ni kweli, sikuona. Katika siku ile ninayoikumbuka mpaka rangi ya sanduku, nilikuwa nimeaga watu wote na kupanda basi bila kugundua kwamba dada yangu hayupo. Nilikuwa nimetunga uongo, na uongo ulikuwa umekaa pale miaka yote ukinisubiri.

“Nisamehe,” alisema.

Nilipaswa kumzuia. Nilipaswa kuyageuza yale maneno yamrudie yeye aliyekuwa na haki nayo. Lakini alikuwa amesafiri kutoka Nyakabuye kuja kuomba, si kuombwa, na uso wake ulikuwa umeanza kulegea kwa nafuu ambayo sikuiona usoni mwake tangu siku ya mikalitusi. Alikuwa amekipata. Kitu kilikuwepo kweli, hakuwa mwendawazimu.

“Nimekusamehe,” nikasema.

“Kabisa?”

“Kabisa.”

Tukaenda Giheke mchana ule ule. Alitembea mbele yangu kwa haraka, kati ya miche mipya, mtandio umeteremka mabegani. Alipofika kwenye mzinga aliweka sikio. Akaliweka tena upande wa nyuma. Mlinzi, ambaye alikuwa amejua tangu juzi kwamba ni mtupu na hakuwa na moyo wa kupiga simu, alijifanya anafunga kamba ya kiatu.

Dada alikaa chini kwenye kisiki. Nilikaa karibu naye. Niliogopa angelia, lakini aliniuliza tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza kama nimefunga mlango.

“Ulisema kabisa?”

“Nilisema kabisa.”

“Mm,” alisema.

Alivuka kwenda Bukavu kabla ya mvua. Shemeji na mke wake walimsindikiza hadi darajani wakiwa wamebeba gunia la parachichi, na wote watatu walilia kama watu ambao hawajawahi kugombana. Mizinga aliiacha Giheke. Mlinzi anafugia kuku ndani ya mmoja.

Mimi hupita pale mara kwa mara. Kibao kimepakwa rangi upya. Miti iliyonusurika, kwenye ule upande wa jiwe ambako hakuna anayelima, inanifika kiunoni, na nimesikia kwamba fidia ya Giheke sasa inatajwa kwenye mikutano kama mfano wa zilizofanikiwa. Huenda ni kweli. Huenda nyuki wa mtu mwingine, siku ambayo sitakuwepo, watakuta huko kitu cha kula. Sina ugomvi na mtu huyo.

Binti yake anasema mama hatoki sana. Anakaa kwenye baraza la juu, mahali ambapo vilima vyetu vinaonekana. Kila Ijumaa baada ya swala ninampigia simu. Ananiuliza habari za watoto, za shemeji, za parachichi, kama mfereji una maji. Kuhusu nyuki haniulizi tena. Lakini kabla ya kukata, kila mara, anashusha sauti ili binti yake asisikie.

“Dogteri. Ile siku ya basi. Ulinisamehe kweli?”

Namwambia ndiyo. Nasema kweli, dada, kwa nguvu zote nilizo nazo. Upande wa pili anaisikiliza sauti yangu, na ninajua kwamba hajaamini.